Chanda Chema Kivikwe Pete Gani?

Wahenga walinena, chanda chema huvikwa pete. Lakini hawakutuambia ni nani apimaye wema wa chanda. Swali hili lilinijia nilipoketi na viongozi wa kikundi kimoja cha wasichana, chenye matawi Kitale na Bungoma, wakitayarisha sherehe ya kufunga mwaka na kuwatuza vijana wao.

Matayarisho hayo si mchezo. Wa Kitale watasafiri kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, na nauli sharti ichangwe mapema. Tena mwisho wa mwaka ndio wakati wa kuvuna mahindi Trans Nzoia, na mikono ya wasichana hutakiwa shambani. Jumamosi ni siku ya ibada kwa Wasabato. Jumapili asubuhi ni ya Marafiki, Wakatoliki na wengineo. Basi ikakubaliwa Jumapili alasiri. Wali, nyama na soda vikapigiwa hesabu.

Ubishi ulizuka ilipofika zamu ya majina. Wengine walitaka zawadi tatu tu, kwa walioongoza katika mitihani. Ndipo akatajwa msichana mmoja aliyejifungua, akarudi shuleni, wala hakukosa mkutano wa kikundi.

"Tukimtuza huyu, tutawafundisha nini wadogo zake?" akauliza mama mmoja.

Mwenziwe akamjibu, "Tutawafundisha kwamba aangukaye huinuka, dada."

Kimya kikaingia. Mimi nilikuwa nimealikwa kwa ajili ya kutunga shairi tu, lakini nikaomba ruhusa niseme yangu.

Tangu mwaka 1994 sera ya serikali ya Kenya imewaruhusu wasichana waliojifungua kurejea masomoni. Ikiwa mlango wa darasa uko wazi, kwa nini mlango wa sherehe ufungwe?

Tutazame Girl Guides, yaani maskauti wa kike. Mwaka 1909 wavulana walipokusanyika Crystal Palace, London, wasichana nao walitokea bila kualikwa, wakadai nafasi yao. Mwaka uliofuata wakapata chama chao, nacho kikaingia Kenya mwaka 1920. Huko msichana hupata beji kwa kazi aliyojifunza na kuitimiza. Waliotimiza huvaa, wawe watano au hamsini.

Kwetu pwani, mtoto akihitimu Kurani chuoni, jamaa hupika na mwalimu hutuzwa. Mtoto haulizwi alikuwa wa ngapi. Na huku Bungoma, kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, mvulana wa Kibukusu hutahiriwa kwa nyimbo na njuga, na ukoo mzima humshangilia. Hashangiliwi kwa kuwashinda wenzake, bali kwa kustahimili. Dada yake huwa jikoni akiwapikia wageni. Je, siku ya dada huyo ni ipi?

Mwisho tulipatana. Kila msichana ataitwa kwa jina lake, na jambo alilolitenda litasomwa mbele ya watu. Walioongoza mitihani watatajwa, na yule aliyerudi shuleni atatajwa pia. Zawadi zenyewe ni ndogo: daftari, kalamu na leso.

Enyi wazazi wa Kitale na Bungoma, acheni mahindi kwa alasiri moja. Mje mpige vigelegele, maana jina la binti likitajwa na mzazi wake hayupo, pete hiyo humpwaya.