Unahamia kwako bila gari? Mzigo na watoto wasipande pamoja

Nyumba imepauliwa, milango miwili imewekwa na kodi ya mjini inaisha mwisho wa mwezi. Kwa familia nyingi zinazotoka Dar es Salaam kwenda kwenye viwanja vyao Kibaha na Kisarawe, hayo yanatosha kuamua kuhama. Rangi, dari na vioo vitakuja taratibu, wenyewe wakiwa ndani.

Kinachobaki ni safari. Kitanda, kabati na friji vimekaa miezi kadhaa stoo kwa ndugu, kiwanja kipo ndani huko Marui, na familia haina gari. Hapo ndipo mahesabu yanapoanza, na hapo ndipo uamuzi mmoja mbaya hufanyika kila mara: linakodiwa gari dogo la mizigo, vyombo vinapakiwa hadi juu, kisha mama na watoto wanapandishwa juu ya magodoro ili kuokoa nauli.

Mzazi, hiyo nauli ndiyo sehemu ya kuhama ambayo haifai kuokolewa.

Mtoto aliyekaa juu ya mzigo hana kiti, hana mkanda na hana pa kushika. Dereva akifunga breki ghafla, kabati na jiko havisimami na gari, vinaendelea kwenda mbele. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, hivyo akirushwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia kufika chini. Kumpakata kiti cha mbele si suluhisho pia, kwa sababu gari likigonga, mikono ya mtu mzima haiwezi kumzuia. Askari wa usalama barabarani wamekuwa wakikemea mara kwa mara watu kusafiri kwenye magari ya mizigo, na sababu ni hiyo.

Chombo kilingane na mzigo na njia

Kwa anayehama na chumba kimoja umbali mfupi, guta au toyo ya mizigo inatosha. Lakini vyombo hivyo si vya safari ndefu kwenye barabara kuu yenye malori na mabasi, kama Barabara ya Morogoro inayopita Kibaha. Vyumba viwili vyenye vitu vya kawaida vinaweza kubebwa na kirikuu, pengine kwa safari mbili. Nyumba nzima yenye friji, makabati na tanki la maji inahitaji Canter.

Usiangalie lami peke yake. Kufika Kisarawe mjini kupitia Pugu ni jambo moja. Kuingia vijijini kwa njia ya udongo ni jambo jingine. Masika, kati ya Machi na Mei, kirikuu kilichojaa kinaweza kunasa kwenye tope na familia ikalala njiani. Mpigie jirani wa kiwanjani siku moja kabla, umuulize njia ikoje na gari gani limepita karibuni.

Kama huna haraka, ulizia madereva wanaoshusha mazao au mkaa mjini na kurudi vijijini. Gari ambalo lingerudi tupu mara nyingi hukubali bei ya chini, kwa kuwa mafuta ya kurudi yalikuwa yatumike hata hivyo. Likiwa la mkaa, lifagiliwe na kutandikwa turubai kabla magodoro hayajapanda.

Patana yote kabla ya kupakia

Ugomvi mwingi wa siku ya kuhama huzuka mzigo ukiwa tayari garini, na wakati huo mwenye mzigo hana nguvu ya kupatana. Kubalianeni mapema mambo haya: bei ni ya hadi mlangoni au hadi barabarani, wapakiaji wanalipwa na nani, gari likisubiri mnalipana vipi, na kitakachovunjika kitakuwaje. Lipa sehemu, nyingine ibaki hadi mzigo ushuke.

Katika hesabu hiyohiyo, andika nauli ya familia. Mtu mzima mmoja akae na dereva kusimamia mzigo. Wengine wapande daladala au basi, waanze safari mapema, wawe wamefika kwa jirani kabla gari halijafika. Ukiitenga fedha hiyo tangu mwanzo, hutashawishika kusema "pandeni tu humo humo" dakika ya mwisho.

Safari ianze asubuhi. Kushusha kabati gizani, kwenye nyumba isiyo na umeme na kiwanja chenye mawe na misumari ya mafundi, ndiko kunakoumiza miguu na migongo. Anayeinua kitu kizito apige magoti, akikaribishe mzigo kifuani na ainuke kwa nguvu za miguu, si za kiuno. Mjamzito asibebe vitu vizito, hata kama anajisikia vizuri.

Fungua stoo siku mbili kabla

Vitu vilivyokaa stoo muda mrefu haviko kama ulivyoviacha. Godoro hunyonya unyevu na kuota ukungu, kunguni hujificha kwenye maungio ya kitanda, na panya huacha mikojo na vinyesi kwenye masufuria na nguo. Ukihamisha hivyo hivyo, unahamia na wageni hao kwenye nyumba mpya.

Toa vitu nje na uvianike juani. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu, maana vumbi lake huvutwa puani. Kinyunyizie maji yenye dawa ya kuua wadudu wa maradhi, kisha kifute kwa kitambaa. Vyombo vya kulia vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Kama mna mtoto mwenye pumu, asiwepo kazi hiyo ikifanyika, na godoro lenye harufu ya ukungu asilalie yeye.

Mtungi wa gesi ufungwe valvu, utolewe regulata, usafirishwe umesimama na kufungwa kamba nyuma ya gari. Usiwekwe kwenye kibini walipo watu. Friji pia isafiri imesimama. Kama ililazwa, iache isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Begi lisilopanda gari la mizigo

Kuna vitu ambavyo vikipotea chini ya magunia, tatizo lake ni la kiafya. Weka kwenye begi moja linalobaki mkononi mwa mzazi: kadi za kliniki za watoto na za mjamzito, vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima, dawa za kila siku za shinikizo la damu, sukari, pumu au nyinginezo, vyandarua na tochi.

Anayetumia insulini aisafirishe kwenye chupa au begi la kutunza ubaridi, isikae juani na isigusane na barafu, maana ikiganda haifai tena. Dawa ziwe za wiki mbili au zaidi, ili upate muda wa kujua kituo kipya kinatoa nini.

Kuhama hakufuti ratiba ya chanjo. Mtoto anayekaribia miezi 9 au 18 bado anahitaji chanjo ya surua na rubella, na ataipata kwenye zahanati ya huko mnakohamia. Nenda na kadi yake, muuguzi ataendelea pale ilipoishia.

Gari likishaondoka

Siku ya kuhama ulikuwa na gari la kukodi. Usiku unaofuata hulina, na huko ndani barabarani hapapiti chombo kila dakika. Kabla hujalala siku ya kwanza, mfahamu mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, zahanati ya karibu, na namba za bodaboda wawili wanaokubali kutoka usiku.

Kama kuna mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga, iandike ukutani namba 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unaopanga usafiri wa dharura kwa makundi hayo. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi.

Usiku huohuo wa kwanza, chandarua kifungwe kabla ya televisheni. Nyumba isiyo na nyavu madirishani haimzuii mbu, na Pwani malaria ipo. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa ndani ya saa 24, msisingizie uchovu wa safari. Maji ya kisima kipya yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kabati linaweza kusubiri safari ya pili, hata wiki ya pili. Bei ya kuhama ikikushinda, punguza vitu vinavyosafiri siku hiyo, lakini viti vya watoto kwenye basi usivipunguze.