Kauli ya Kutendwa katika Kiingereza

Napenda kuwaeleza kidogo juu ya kauli ya kutendwa katika Kiingereza, kwa maana wengi wetu hukosea hapo.

Sisi Waswahili kauli hii tunayo tangu utotoni. Twatia "w" karibu na mwisho wa kitenzi, basi: kushona huwa kushonwa, kuleta huwa kuletwa. Mwingereza hana njia hiyo. Yeye huchukua kitenzi "be", akakipa wakati unaotakiwa, kisha akakifuatisha na umbo la tatu la kitenzi chenyewe. Kwa hiyo "sew, sewed, sewn" hutupa "is sewn", hushonwa. "Was sewn", ulishonwa. "Has been sewn", umeshonwa. "Will be sewn", utashonwa. Wakati huonekana katika "be" tu. Umbo la tatu halibadiliki kamwe.

Sasa tazameni mtepe, chombo cha wazee wetu Wabajuni, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila misumari. Twasema, "Mtepe ulishonwa na mafundi kwa kamba." Kwa Kiingereza ni, "The mtepe was sewn by craftsmen with cord." "Na" ya mtenda ni "by", na "kwa" ya kitu kilichotumika ni "with". Ukiandika "sewn by cord", umeifanya kamba kuwa fundi!

Kosa la pili lilinipata mimi mwenyewe. Babu yangu alipofariki niliandika, "I was died by my grandfather", kwa kufuata "nilifiwa na babu". Darasa zima likacheka, nami sikuwa na moyo wa kucheka. Sababu ni hii: kitenzi kisichochukua yambwa, kama "die", "go" na "arrive", hakina kutendwa kwa Kiingereza. Kiswahili humweka mbele mfiwa, Kiingereza humtaja marehemu, "My grandfather died."

Baadaye niliandika insha juu ya bibi yangu. Yeye alizaliwa Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kisimayu, akakimbilia Kenya kwa mashua baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Niliandika, "Their nets were taken." Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "By whom?"

Nikaenda kumwuliza bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na watu wa bunduki, mjukuu wangu. Nyavu za babu yako zilichukuliwa na watu wa bunduki, nasi twatazama." Nikaandika upya, "Their nets were taken by armed men."

Kanuni yasema kwamba mtenda akiwa hajulikani, au hakuna haja ya kumtaja, "by" huachwa. Ni sawa. Lakini pengine huachwa kwa woga, na pengine kwa hila, kama mweka hazina asemaye, "Fedha zimetumiwa," asiseme zimetumiwa na nani. Kauli ya kutendwa ni nzuri, kwa kuwa humtanguliza aliyepatwa na jambo. Isiwe pazia la kumficha aliyelitenda.

Basi, ndugu zangu, kila mnapoiandika, jiulizeni kwanza: na nani?