Jiko la Peleti kwa Nyumba Inayofungwa Miezi Kadhaa

Kwenye milima ya Colorado na kando ya maziwa ya Michigan kuna nyumba nyingi za mapumziko ambazo wenyewe hawaishi humo mwaka mzima. Hufika Ijumaa jioni, hufungua madirisha, hukaa siku mbili tatu, kisha hufunga milango na kurudi Denver au Detroit. Miezi miwili inaweza kupita bila mtu kugusa kitasa. Kwenye baraza za nyumba hizo, jiko la peleti limepata nafasi yake kwa sababu linaahidi kazi nyingi kwa pamoja: kukausha samaki kwa moshi, kuivisha kidari cha ng'ombe usiku kucha, kuoka mkate, kuchoma kuku. Wauzaji husifia upana wa wavu na namna jiko linavyozungumza na simu ya mwenyewe. Mimi naona mnunuzi wa nyumba ya aina hii aanze na jambo ambalo halitajwi sana dukani: jiko litakuwa katika hali gani baada ya wiki nane za kusimama peke yake?

Ili kulijibu swali hilo inabidi kuijua peleti yenyewe. Ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kupitia matundu ya chuma mpaka likatoka kama vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Hakuna gundi inayoongezwa. Msuguano ndani ya mashine hupandisha joto, lignini iliyomo kwenye mbao hulainika, na ikipoa hushikamanisha chembe zote. Lignini ndiyo iliyoupa mti nguvu ya kusimama wima; humu inafanya kazi ya kushika mara ya pili. Nishati hii ilienea Marekani baada ya msukosuko wa mafuta wa miaka ya 1970, watu walipotafuta njia nyingine ya kupasha nyumba joto. Katika miaka ya 1980, Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya kupasha nyumba joto, alitengeneza jiko la kupikia linalotumia peleti hizo. Hataza ya jiko lake ilipokwisha mwaka 2006, kampuni nyingine ziliingia sokoni, na ndiyo maana leo mnunuzi anakuta majiko ya kila bei na kila umbo.

Ndani, jiko ni mashine rahisi. Pembeni kuna kasha la peleti. Chini ya kasha, skrubu ndefu inayozungushwa na mota husukuma peleti kidogokidogo hadi kwenye kikombe cha chuma, ambako kifimbo cha umeme huziwasha na feni hupuliza hewa. Juu ya kikombe kuna bamba la kutawanya joto, na juu yake sinia pana linalokinga mafuta ya nyama. Kihisi joto hupeleka habari kwenye kidhibiti, nacho huamua skrubu izunguke kwa muda gani.

Hapo kwenye kidhibiti ndipo fedha inapostahili kutumika. Majiko ya zamani yaliifuata saa tu: skrubu ikazunguka sekunde kadhaa, ikapumzika, ikazunguka tena, upepo uwepo usiwepo. Joto lilipanda na kushuka kwa nyuzi 15 za Selsiasi au zaidi. Vidhibiti vizuri vya sasa hutumia hesabu iitwayo PID, ambayo mizizi yake iko baharini. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alichapisha uchambuzi wa namna meli inavyoweza kujiongoza yenyewe. Alikuwa amewatazama washika usukani. Aliona kwamba stadi miongoni mwao huangalia meli imepotoka kiasi gani, hukumbuka imepotoka kwa muda gani, na pia huhisi inazidi kupotoka kwa kasi gani, kisha hugeuza usukani kwa kuzingatia mambo yote matatu. Kidhibiti cha PID huuliza hayo hayo matatu kuhusu joto, mara nyingi kwa dakika moja, na hulishika jiko karibu sana na kipimo kilichowekwa. Kwenye baraza ya mlimani, ambako jua la mchana na baridi ya usiku hutofautiana kwa nyuzi 20, hicho si kitu cha anasa.

Sasa turudi kwenye nyumba iliyofungwa. Mbao, hata ikisagwa na kushindiliwa, haiachi kubadilishana maji na hewa. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 40, mbao hutulia na maji ya asilimia 7 au 8 ya uzito wake. Unyevu ukipanda hadi asilimia 80, kama unavyoweza kuwa kando ya Ziwa Michigan wakati wa kiangazi, mbao hiyo hiyo hutulia karibu na asilimia 16. Peleti bora hutoka kiwandani ikiwa na maji chini ya asilimia 10. Ikinywa zaidi ya hapo huvimba, lignini huachia, na vijiti hurudi kuwa vumbi. Kwenye mfuko hiyo ni hasara ndogo. Ndani ya bomba la skrubu ni balaa, kwa sababu vumbi lililolowa na kukauka tena hugeuka donge gumu linaloikamata skrubu, na mwenye nyumba akifika na wageni wake anakuta mota inanguruma bila kitu kusogea.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua dukani ni mlango wa kumwagia peleti. Kasha liwe na kilango cha chini au cha nyuma ambacho ukikifungua peleti zote zinamiminika kwenye ndoo. Yapo majiko yasiyo nacho, na mwenyewe hulazimika kuzichota kwa kikombe na kunyonya zilizobaki kwa mashine ya kufyonza vumbi. Mtu aliyechoka Jumapili jioni, mwenye safari ya saa tatu mbele yake, hatafanya hivyo. Peleti zilizotolewa zikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, ndani ya nyumba. Zile chache zilizobaki kwenye bomba ziteketezwe kwa kuliacha jiko liwake mpaka bomba liwe tupu, kisha lizimwe kwa utaratibu wake, feni ikimaliza kazi yake. Majivu nayo yaondolewe yakishapoa kabisa. Hunyonya unyevu na kula chuma, na yakijaa kwenye kikombe huzuia peleti zisishike moto sawasawa.

Jambo la pili ni moshi, na hapa ahadi ya kufanya kila kitu inakutana na kemia. Mbao ikipata joto bila hewa ya kutosha, sehemu zake huvunjika kwa zamu: hemiselulosi kwanza, kuanzia nyuzi 200 hivi, kisha selulosi, na lignini kwa mwendo mrefu unaofika nyuzi 500. Lignini ikivunjika hutoa guayakoli na siringoli, misombo inayoipa nyama ya moshi harufu na ladha yake. Ni kemia ile ile inayofanya kazi kwenye mabanio ya samaki kando ya Ziwa Victoria, ambako sangara na sato hukaa juu ya moshi wa kuni mpaka wawe rangi ya dhahabu. Tofauti ni hewa. Banio hubanwa, moto hufifia, moshi ukawa mzito. Jiko la peleti lina feni, na feni hulisha moto oksijeni nyingi kiasi kwamba sehemu kubwa ya misombo hiyo huungua kabla ya kuifikia nyama. Kinachobaki ni kaboni dioksidi na mvuke wa maji, ambavyo havina ladha.

Kadiri joto linavyowekwa juu ndivyo moto unavyowaka safi na ladha ya moshi inavyopungua. Kwenye nyuzi 80 hadi 110 jiko hutoa moshi wa kutosha. Kwenye nyuzi 200 limekuwa tanuri la kuokea tu, zuri, lakini tanuri. Anayependa moshi mzito atafute jiko lenye hali maalumu ya moshi, ambamo kidhibiti huacha moto ufifie na kufufuka kwa makusudi, na aiweke nyama ikiwa bado baridi na uso wake una unyevu. Chembe za moshi husukumwa kutoka kwenye hewa ya moto kuelekea kitu cha baridi, na gesi zake huyeyuka kwenye maji yaliyo juu ya nyama. Saa mbili za mwanzo ndizo zinazotoa ladha kubwa.

Upande wa pili wa kipimo kuna kuchoma. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma hujitokeza vizuri uso wa nyama unapopita nyuzi 140, na kwa kipande chembamba unahitaji chuma cha moto mkali ili uso uungue vizuri kabla ya ndani kukauka. Majiko mengi ya peleti huishia kati ya nyuzi 230 na 260, na joto hilo ni la hewa, si la mwali. Hivyo nyumba yenye nafasi ya jiko moja tu inafaa kupata lile lenye bamba linalotelezeshwa pembeni ili mwali wa kikombe uonekane na nyama ichomwe juu yake moja kwa moja. Lifunguliwe kwa muda mfupi. Mafuta yakidondokea motoni hutoa moshi wenye benzopirini na ndugu zake, misombo inayohusishwa na saratani, na sinia lililo chini ya wavu ndilo linaloizuia siku za kawaida.

Umeme hausumbui sana kwa kiasi chake. Kifimbo cha kuwashia huvuta wati 200 hadi 300 kwa dakika chache, kisha mota na feni hutumia wati 50 au pungufu. Betri ya wastani yenye inveta hulibeba jiko saa nyingi. Kinachotisha ni umeme kukatika moto ukiwa mkubwa: feni husimama, moshi hutafuta njia ya kurudi kupitia bomba la skrubu, na moto unaweza kutambaa kuelekea kwenye kasha. Pale ambapo dhoruba hukata nyaya mara kwa mara, hiyo betri iwe sehemu ya bei ya jiko tangu mwanzo. Kuhusu kuliwasha kwa simu ukiwa ungali barabarani, nasema hapana. Moto usiotazamwa kwenye baraza ya mbao ni hatari ambayo chakula chochote hakiwezi kuilipia.

Kwa Colorado kuna jambo la kimo. Leadville iko karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 90 hivi. Ni hali ile ile inayochelewesha maharage kuiva kwenye kambi za juu za Kilimanjaro. Mapishi ya kidari yaliyoandikwa Texas huagiza nyama itolewe ikifika nyuzi 96 katikati. Nyama iliyojaa maji haipandi juu ya kiwango cha kuchemka cha mahali ilipo, kwa hiyo anayesubiri 96 Leadville anaisubiri ikauke. Kolajeni hugeuka jelatini hata kwenye nyuzi 80 na kitu, ila kwa muda mrefu zaidi. Mpishi wa mlimani achome kijiti katikati na kuamini ulaini anaousikia mkononi.

Kuna pia kile kipindi ambacho kidari hukwama kwenye nyuzi 65 hadi 75 kwa saa kadhaa bila kupanda. Wengi waliamini ni mafuta yanayoyeyuka. Mwanafizikia Greg Blonder alipima na kuonyesha kuwa ni uvukizaji: nyama hutoa jasho, na jasho likivukiza huipoza kwa kiasi kile kile jiko linachoipasha. Hewa kavu na nyepesi ya mlimani huongeza uvukizaji huo, na feni huongeza tena, kwa hiyo karai la maji ndani ya jiko na karatasi ya kufungia nyama vina faida kubwa zaidi huko kuliko pwani. Feni yenyewe ina kazi ngumu, maana kila lita ya hewa ya Leadville ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Kidhibiti chenye mpangilio wa kimo kinastahili kuulizwa kwa jina.

Kisha kuna wanyama. Dubu weusi wa Colorado hunusa mafuta kutoka mbali sana, na idara ya wanyamapori ya jimbo huwasihi wakazi wasafishe majiko yao kila baada ya kupika. Sinia liwe jepesi kutoa na ndoo ya mafuta iondoke na mwenyewe. Panya huingia kwenye kasha tupu na kutafuna nyaya; kifuniko kinachofunga barabara huwazuia.

Na kuna moto wa msituni. Desemba 2021 moto wa Marshall uliteketeza zaidi ya nyumba 1,000 katika kaunti ya Boulder, kwa saa chache tu za upepo. Ukame unapokaza, kaunti hutangaza vizuizi kwa hatua, na makaa na kuni huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kukatazwa. Jiko la peleti liko katikati: kaunti moja hulihesabu kama kuni, nyingine huliruhusu kwa sababu lina swichi ya kuzimia. Gesi yenye vali ya kufunga kwa kawaida hubaki halali. Miezi ya vizuizi mara nyingi ndiyo ile ile ya kiangazi ambayo wenye nyumba huja kwa wingi, kwa hiyo mnunuzi asome amri za kaunti yake, au apige simu ofisi ya sherifu, kabla ya kwenda dukani. Jiko dogo la gesi la meko mawili huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya jiko la peleti, na ndilo litakalopika chai na mayai hadi mvua zirudi.