Kinda la Finchi Hufundwa

Anayeanza kufuga finchi nyumbani huulizia mayai kwanza. Jike atataga lini, mayai yataanguliwa baada ya siku ngapi, na mbona mengine hayana kitu ndani? Ni maswali ya haki na majibu yake yanajulikana. Lakini kazi kubwa ya kumlea ndege huyu huanza makinda wakishatoka kiotani, wakati ambao wafugaji wengi huona wamekwisha maliza na kuanza kutafuta mnunuzi. Ni katika majuma hayo kinda dume hujifunza kuimba, na kazi hiyo haiwezi peke yake.

Finchi ninayemsema ni finchi-pundamilia wa Australia, ndege wa gramu 12 hivi. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa, mistari myeupe na myeusi kooni, ubavu wa hudhurungi wenye madoa meupe na mdomo mwekundu. Jike ni wa kijivu na mdomo wake umepoa rangi. Australia ilifunga biashara ya kuuza nje ndege wake wa porini mwaka 1960, kwa hiyo waliomo katika matundu ya mataifa mengine ni uzao wa ndege waliosafirishwa zamani, kizazi juu ya kizazi. Hilo linampa mfugaji nafuu, kwa sababu ndege huyu amezoea maisha ya tunduni. Jamaa zake wa kwetu, kama wale wadogo wenye kifua cha buluu na doa jekundu shavuni wanaookota punje uani, ni ndege wa porini. Kuwakamata bila kibali ni kosa kisheria Kenya na Tanzania pia, na mfugaji mwenye nia njema hana haja nao.

Kwao Australia, katika nyanda kavu za ndani, mvua haina ratiba. Ikinyesha, nyasi huzaa mbegu, na finchi hutaga upesi kabla neema haijapita. Ndani ya tundu neema hiyo haipiti kamwe. Maji yapo kila siku, mawele na ulezi vimejaa chomboni, na mwili wa jike hauna cha kuuambia upumzike. Atataga, atalea, atataga tena mpaka achakae. Kila kaka la yai limetengenezwa kwa kalsiamu, na lishe isipoileta, mwili huichota mifupani. Punje tupu hazitoshi kuirudisha. Ndipo yai linapokwama: jike hutuna manyoya, hushuka chini ya tundu, huhema kwa shida, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Mfupa mweupe wa ngisi ubanwe kwenye nyavu za tundu, na maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa yawepo daima. Baada ya mizao miwili au mitatu kwa mwaka, kiota kiondolewe. Mfugaji asipomwekea jike kiangazi, hakuna mwingine atakayemwekea.

Mengine ya kiotani ni mepesi. Kikapu kidogo chenye mlango kinatosha, na majani makavu au nyuzi za makumbi ya nazi zilizokatwa fupi, maana nyuzi ndefu hufunga miguu ya makinda. Yai la kwanza likitagwa, usiongeze majani tena, la sivyo wenyewe watajenga kiota kipya juu ya mayai. Jike hutaga yai moja kwa siku, mara nyingi manne hadi sita, na wazazi wote wawili huatamia kwa zamu. Baada ya siku 12 hadi 14 makinda huanguliwa, na karibu na siku ya 20 ya maisha yao huruka kutoka kiotani. Parachichi lisikaribie tundu, kwa kuwa lina sumu inayoua ndege. Moshi wa jiko la mkaa, na mvuke wa kikaango kisichogandisha kikipata moto kupita kiasi, huua pia, tena haraka.

Malezi ya sauti, hata hivyo, huanza kabla yai halijapasuka. Mwaka 2016 Mylene Mariette na Katherine Buchanan, wa Chuo Kikuu cha Deakin huko Australia, walichapisha katika jarida la Science ugunduzi ulioshangaza wengi. Hewa ikizidi nyuzi 26 na mayai yakiwa yamebakiza siku chache, mzazi anayeatamia hutoa mlio maalumu wa joto. Watafiti waliwasikilizisha mlio huo makinda waliokuwa bado ndani ya mayai. Baada ya kuanguliwa, wale waliolelewa katika viota vyenye joto walikua na miili midogo zaidi kuliko wenzao ambao hawakuusikia, na mwili mdogo hupoteza joto kwa urahisi. Mzazi anamwandaa mtoto kwa hali ya hewa ambayo mtoto hajaiona.

Kisha huja wimbo wenyewe. Kwa finchi huyu dume pekee ndiye mwimbaji, na mwaka 1976 Fernando Nottebohm na Arthur Arnold walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazoendesha wimbo ni kubwa mno kwa dume kuliko kwa jike. Ubongo huo, pamoja na ukubwa wake, haumpi kinda wimbo uliokamilika. Kuanzia siku ya 25 hivi husikiliza na kuhifadhi. Siku chache baadaye huanza kubwabwaja kama mtoto mchanga, sauti zisizo na mpango, na polepole huzisogeza karibu na kile alichokihifadhi. Karibu na siku ya 90 wimbo huganda, na hatakuwa na mwingine hadi kufa.

Hapo ndipo desturi ya wafugaji inapogongana na maumbile. Siku ya 35 kinda anakula mwenyewe, na kwa hesabu ya chakula hana tena haja na wazazi. Wengi humtoa siku hizo. Mwaka 1985 Lucy Eales alijaribu jambo hilohilo: aliwatoa makinda dume kwa baba zao siku ya 35 na kuwaweka na dume mwingine. Waliimba wimbo wa huyo wa pili. Waliokaa na baba mpaka siku ya 65 walishika wimbo wa baba. Kwa maneno mengine, siku ya 35 darasa bado liko wazi. Ukimpeleka kinda mahali pasipo na dume mzima, unamkatisha masomo.

Nimesikia wafugaji wakisema simu itatosha: wampigie kinda wimbo uliorekodiwa. Haitoshi. Jon Sakata na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua mwaka 2016 kwamba dume anapomwimbia kinda hubadilisha uimbaji wake. Huacha nafasi ndefu zaidi kati ya vipande na kurudia sauti za mwanzo. Makinda waliomkazia macho mwalimu walijifunza vizuri zaidi, na waliosikilizishwa spika tu walibaki nyuma. Mama naye, asiyeimba, ana mkono wake katika kazi hii. Mwaka 2019 Samantha Carouso-Peck na Michael Goldstein wa Cornell walionyesha kwamba ishara za haraka za jike, za kutunisha manyoya anapopendezwa na jaribio la kinda, zinamsaidia kinda kuukaribia wimbo sahihi. Kwangu, sababu hiyo pekee inatosha kumwacha kinda na wazazi wote wawili.

Je, aliyekosa mwalimu kabisa? Ataimba, lakini wimbo wake una sauti ndefu za ajabu na mpangilio uliovunjika. Mwaka 2009 Olga Fehér na wenzake walichapisha katika Nature jaribio ninaloliona zuri kuliko yote yaliyofanywa kwa ndege hawa. Waliwachukua madume hao waliokulia upweke wakawafanya walimu wa makinda. Makinda waliiga, ila kila kizazi kilirekebisha kidogo, na kufikia kizazi cha tatu au cha nne wimbo ulikuwa umerudi karibu na ule wa porini. Lakini mfugaji mwenye jozi mbili nyumbani, anayeuza kila kinda, hana vizazi vinne vya kusubiri.

Hali kadhalika kwa wanaotumia finchi wa Bengal kama walezi wa mayai ya wengine. Klaus Immelmann wa Ujerumani alionyesha zamani kwamba finchi-pundamilia aliyelelewa hivyo huiga wimbo wa mlezi, na akikua humchumbia jike wa jamii ya mlezi badala ya wa kwao. Umepata makinda wengi, lakini umewaharibia ndoa.

Tatizo la kweli ni kwamba wazazi wakianza kutaga tena humfukuza kinda mkubwa na kumnyonyoa manyoya. Dawa ni kuondoa kiota makinda wakianza kula wenyewe, ili jike apumzike na darasa liendelee. Ikishindikana, wahamishie makinda kwenye tundu kubwa lenye dume mwingine mzima mwenye wimbo mzuri. Eales ametuonyesha kwamba mwalimu si lazima awe baba. Mimi simtoi kinda dume kabla ya siku ya 90, hata mnunuzi akisema anamtaka mdogo ili amzoee. Na anayetaka dume mmoja peke yake, awe naye sebuleni kwa ajili ya sauti tu, namshauri achukue jozi, kwa sababu wimbo huo huimbwa pia kwa ajili ya jike.