Sumu ya Risasi katika Nyumba Kuukuu

Neno risasi humkumbusha msikiaji bunduki. Lakini risasi kwanza ni madini, mazito, laini, ya rangi ya kijivu, na madhara yake makubwa kwa watoto hayakutoka katika mtutu wa bunduki bali katika kuta za nyumba.

Kwa muda mrefu, hadi katikati ya karne ya 20, watengenezaji wa rangi za mafuta walichanganya ndani yake unga mweupe uliotokana na madini hayo. Rangi ya namna hiyo ilifunika ukuta vizuri, ikastahimili maji na kudumu. Katika miji mikongwe ya Marekani kama Baltimore na Boston ilipakwa tabaka juu ya tabaka kwenye milango, madirisha na baraza, na nyingi ingalipo hadi leo chini ya rangi mpya.

Zamani lawama iliwaangukia watoto na mama zao: ilisemwa kuwa mtoto huugua kwa tabia mbaya ya kula magamba ya rangi. Wako waliokula, ni kweli. Hata hivyo, si lazima kula. Madirisha ya nyumba hizo huteleza juu na chini, ubao ukisuguana na ubao, na rangi ya kale husagika ikawa vumbi jembamba mno. Vumbi hilo hutua sakafuni, mahali hasa anapotambaa mtoto, kisha mkono huenda kinywani, kama ilivyo kwa kila mtoto mwenye afya. Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson, wa Brisbane, Australia, alikwisha kueleza kuwa watoto wa huko walipata sumu kutokana na rangi ya kuta na ya kingo za baraza. Marekani iliipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978.

Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, madini yajengayo mifupa. Mtoto mdogo huweza kufyonza kiasi cha nusu ya risasi aliyomeza, ilhali mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi tu. Na mtoto ambaye chakula chake kina upungufu wa chuma na kalsiamu hufyonza zaidi. Sehemu kubwa hukaa mifupani kwa miaka mingi. Inayofika ubongoni huvuruga chembe za neva wakati ule ule zinapounganishwa.

Risasi nyingi huleta degedege, kuzimia na kifo. Kiasi kidogo hakina dalili, na hapo ndipo ubishi ulipokuwa. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman na wenzake walichapisha uchunguzi wa meno ya utotoni, yale ambayo pengine watoto huyatupa juu ya paa, yaliyokusanywa kwa wanafunzi wa Chelsea na Somerville, jirani na Boston. Jino huhifadhi risasi ambayo haionekani tena katika damu. Wanafunzi ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao waliwaona kuwa wepesi wa kupotewa na makini, ijapokuwa hawakuonekana wagonjwa.

Katika miaka ya 1960 kiwango cha hatari huko Marekani kilihesabiwa kuwa maikrogramu 60 katika desilita moja ya damu. Tangu mwaka 2021 kiwango cha kuchukulia hatua ni 3.5. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama.

Dawa za kuiondoa risasi mwilini zipo, nazo humwokoa aliyezidiwa. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001, kwa watoto wenye risasi ya kiasi cha kati, yalionyesha kuwa dawa ilipunguza risasi damuni bila kuinua akili zao kuliko wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Isitoshe, mtoto aliyetibiwa hurudi katika nyumba ile ile. Kwa hiyo nyumba ndiyo itibiwayo: madirisha hubadilishwa, na sakafu hufutwa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa. Fundi akikwangua rangi ikiwa kavu, au akiisugua kwa msasa, huweza kuacha vumbi la sumu kuliko alilolikuta. Wakati wa kazi hiyo watoto na wajawazito huhamishwa, wala hawarejeshwi mpaka vumbi la sakafuni limepimwa.