Boga la ratili 3,000: Nani atatangulia?

WENGI wetu boga tunalijua la kupikwa kwa nazi, la kufuturia. Linatoka sokoni ndani ya kikapu, mama kalishika kwa mkono mmoja na mkono wa pili kamshika mtoto. Sasa msomaji wangu, hebu kaa chini kwanza. Oktoba 2025 huko Uingereza, ndugu wawili mapacha, Ian na Stuart Paton wa mji wa Lymington, walipandisha boga lao kwenye mizani likasoma kilo 1,278.8. Boga moja hilo! Ni zaidi ya mifuko 25 ya saruji. Hapo ndipo ilipoandikwa rekodi mpya ya dunia.

Ungedhani baada ya hapo watu watapumzika. Wapi! Uingereza na Marekani maboga ya mashindano hutajwa kwa ratili, na namba yenye masufuri ndiyo inayowanyima watu usingizi. Boga la mapacha lilikuwa na ratili 2,819 na ushei. Namba inayowindwa sasa ni 3,000, yaani kilo 1,361. Zinatakiwa kilo 82 tu, hata mifuko miwili ya saruji haifiki.

Rahisi, eh? Subiri.

Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, Marekani, Mkanada William Warnock alileta boga la ratili 403. Rekodi hiyo ilikaa miaka 72! Ilivunjwa mwaka 1976. Halafu akaibuka Mkanada mwingine, Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichagua mbegu na kuzichanganya mpaka akapata aina iliyoitwa Atlantic Giant. Kuanzia 1979 alishinda ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, na maboga makubwa unayoyasikia leo karibu yote ni wajukuu na vitukuu vya mbegu zake.

Baada ya Dill mambo yakawa moto. Mwaka 1996 Nathan na Paula Zehr wa jimbo la New York walivuka ratili 1,000 wakaondoka na zawadi ya dola 50,000. Mwaka 2012 Ron Wallace wa Rhode Island akavuka 2,000 kwenye maonyesho ya Topsfield. Miaka miwili baadaye Beni Meier wa Uswisi akavuka kilo 1,000, na mwaka 2016 Mbelgiji Mathias Willemijns akafikisha kilo 1,190. Piga hesabu mwenyewe: toka 2012 hadi 2016 rekodi iliruka kilo 279 hivi. Miaka minne tu!

Hapo ndipo gari lilipoanza kupanda mlima. Mwitaliano Stefano Cutrupi mwaka 2021 aliongeza kilo 35 tu, Travis Gienger wa Minnesota mwaka 2023 akaongeza 21, na mapacha wakaongeza 32. Jumla ni kilo 88 kwa miaka tisa. Kwa mwendo huo zile kilo 82 zinaweza kula miaka minane mingine, labda atokee mtu wa kuturusha roho.

Kwa nini imekuwa ngumu hivyo? Kwanza mkulima anacheza karata moja kwa mwaka. Asubuhi mapema anachukua ua dume, analichavusha ua jike kwa mkono wake, akiwa amechagua wazazi wote wawili kwa ukoo kama wazee wanaotafuta mchumba. Mbegu za bingwa hupigwa mnada, na moja inaweza kuuzwa kwa mamia ya dola. Kisha mmea mzima unaachiwa boga moja tu, mengine yote yanang'olewa. Mbolea, maji na majani yote yanamlisha mtoto huyo mmoja, na siku zake nzuri anaongezeka zaidi ya kilo 20 kwa siku. Kwa spidi hiyo kilo 82 ni kazi ya siku nne! Tatizo siku hizo nzuri ni chache, baada ya hapo spidi inashuka mpaka siku ya kupimwa.

Na hata wanasayansi wamechungulia tumbo la jambo hili. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 uligundua kwamba majani ya maboga haya hayatengenezi chakula kwa bidii kuliko ya maboga ya kawaida. Yalichozidi ni mishipa ya kusafirisha sukari hadi kwenye tunda. Kwa maneno mengine, jikoni ni kulekule, ila barabara zimepanuliwa.

Lakini adui mkubwa kuliko wote ni ufa. Boga linalokua haraka kiasi hicho linaweza kupasuka lenyewe, na sheria za mashindano hazina huruma: ukionekana ufa au tundu linaloingia mpaka ndani, rekodi hakuna. Oktoba 2021 mkulima mmoja wa jimbo la Wisconsin alileta boga la ratili 2,520, likakutwa na ufa mdogo, likaondolewa kwenye ushindani hapohapo. Kazi ya miezi yote, kwisha! Unarudi nyumbani kungoja msimu mwingine uanze na mbegu upya. Mimi ningelia.

Kuna kichekesho kingine. Kwa wanaopima kwa kilo, hiyo 3,000 inayowatoa watu jasho ni 1,361, namba isiyo na sufuri hata moja. Sufuri zao zinazofuata ziko kwenye 1,500, na kutoka boga la mapacha hadi huko bado mifuko minne ya saruji, na kilo 21 juu yake.