Fahamu Iliyobadilika na Asili ya Michoro ya Mapangoni

Kwa nini binadamu wa kale aliingia gizani kuchora wanyama ukutani? Makala haya yanajadili nadharia inayohusisha michoro hiyo na fahamu iliyobadilika, kama vile maono na kupagawa.

Mwaka wa 1988, David Lewis-Williams na Thomas Dowson wa Afrika Kusini walitoa hoja kwamba ngoma ndefu, njaa au dawa zinapoigeuza fahamu, mtu hupitia hatua tatu. Kwanza huona nukta, nyavu na mistari ya zigizaga. Kisha akili huyapa maumbo hayo maana kulingana na utamaduni wake. Hatimaye hujiona amegeuka mnyama. Kwa kuwa ubongo wa binadamu ni mmoja kote, mwaka wa 1996 Lewis-Williams na Jean Clottes waliitumia nadharia hiyo kuyaeleza mapango ya Ulaya, likiwemo Lascaux nchini Ufaransa, ambako nukta na miraba imechorwa pamoja na wanyama.

Ushahidi ulio thabiti zaidi, hata hivyo, unatoka kwa Wasani wa kusini mwa Afrika. Katika milima ya Drakensberg, mahali paitwapo Game Pass, amechorwa pofu anayekufa, kichwa kimeinama na miguu ya nyuma imepishana. Nyuma yake yupo mtu aliyemshika mkia, naye miguu yake imepishana vivyo hivyo. Lewis-Williams anaifasiri picha hiyo kuwa istiari ya mganga "anayekufa" katika ngoma ya uponyaji. Istiari yenyewe si ngeni kwetu: Kiswahili nacho husema aliyepoteza fahamu "amezimia", kana kwamba ni taa.

Tafsiri hiyo haikutokana na picha pekee. Mwaka wa 1873, Msani aitwaye Qing alimweleza hakimu Joseph Orpen michoro ya milima ya Maluti, akiihusisha na pofu na ngoma. Wakati huohuo mjini Cape Town, Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd walikuwa wakinakili masimulizi ya Wasani, kazi iliyojaza zaidi ya kurasa 12,000.

Wachoraji wa Lascaux hawakuacha neno. Ndiyo maana Patricia Helvenston na Paul Bahn, kuanzia mwaka wa 2002, waliipinga nadharia hii, wakisema kwamba hatua zile tatu huletwa na dawa chache tu. Nukta ya Lascaux yaweza kuwa njozi. Yaweza pia kuwa hesabu au pambo.

Ni dhahiri basi kwamba ubongo unaweza kutueleza chanzo cha umbo, lakini maana yake huijua mwenye utamaduni. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayenakili maneno ya wazee leo huenda anahifadhi ufunguo wa mchoro ambao bado haujafasiriwa.